Kitako begani: lini mapema, lini usubiri?

MWISHONI mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti 2024, wakati Michezo ya Olimpiki ilipokuwa ikifanyika Ufaransa, shule zetu zilikuwa zimefungwa na sebule yangu ikageuka kuwa uwanja wa michezo. Vijana wa jirani walikuja kuangalia mbio, lakini mara mbili walikuta mashindano ya kulenga shabaha. Mara ya kwanza walimwona Adriana Ruano Oliva, mwanamke aliyeipatia Guatemala medali ya kwanza ya dhahabu katika historia yake ya Olimpiki. Siku chache baadaye wakamwona Francisca Crovetto Chadid wa Chile, ambaye naye aliondoka na dhahabu.

Wanawake hao wote wawili walitumia shotigani, yaani bunduki ya marisau. Wote walikuwa wakivunja visahani vinavyorushwa hewani. Hata hivyo, kijana mmoja niliyemfundisha zamani aliona jambo ambalo wenzake hawakuliona.

“Mwalimu,” akaniuliza, “mbona yule wa juzi alikuwa ameshaweka bunduki begani kabla hajaita kisahani, na huyu wa leo anaishikilia kiunoni mpaka kisahani kitoke? Ni nani kati yao anayekosea?”

Nilimjibu kwamba hakuna anayekosea. Jibu hilo halikumtosha, na kusema kweli halikunitosha hata mimi. Swali hilo sikukutana nalo kwa mara ya kwanza kwenye televisheni. Nilikutana nalo pembeni ya mashamba ya karanga huko Tanzania, nikiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, na siku hiyo nusura linichukulie mdogo wangu.

Najua, msomaji wangu, kwamba kuandika habari za bunduki katika nchi kama Burundi si jambo jepesi. Vita vya mwaka 1993 hadi 2005 viliacha silaha mikononi mwa watu wengi, na kila familia ina lake la kusimulia. Makala haya hayaisifu silaha. Yanazungumzia jambo dogo tu, yaani nusu sekunde ile ya kuipandisha bunduki begani, na sababu zinazomfanya mtu mwenye busara aamue kuiwahi au kuisubiri.

Mchezo mmoja, sheria mbili

Tuanze na ule mchezo wa Ruano, unaoitwa trapu. Mlengaji husimama mita 15 nyuma ya handaki. Ndani ya handaki kuna mitambo 15 ya kurushia, mitatu mbele ya kila kituo kati ya vituo vitano. Kisahani chenyewe ni duara jembamba lililotengenezwa kwa lami na unga wa mawe ya chokaa, lenye upana wa milimita 110 na uzito wa gramu 105. Hutoka mara tu mlengaji anapoita, kwa sababu kipaza sauti kilichotegwa mbele yake hunasa sauti na kuufyatua mtambo. Kisahani kinamkimbia mlengaji kwa kasi inayozidi kilometa 100 kwa saa.

Mlengaji wa trapu hajui ni mtambo upi kati ya ile mitatu utakaorusha. Lakini anajua kwamba kisahani kitatoka sasa hivi, kitatoka mbele yake, na kitakwenda kutoka chini kwenda juu. Kwa hiyo sheria inamruhusu kuwa tayari, kitako cha bunduki kikiwa begani na shavu likiwa limelala juu ya mbao. Akisubiri kukiona ndipo ainue, kisahani kitakuwa kimeshafika mbali na marisau yametawanyika.

Mchezo wa Crovetto, unaoitwa skiti, ni kinyume chake. Hapo kuna vituo vinane, saba kati yake vikiwa katika nusu duara, na vibanda viwili vya kurushia, kirefu upande wa kushoto na kifupi upande wa kulia. Visahani hukatiza mbele ya mlengaji, na njia yake ni ile ile kila mara. Mlengaji anaifahamu kama mtoto anavyoifahamu njia ya kwenda kisimani. Asichokijua ni lini. Baada ya kuita, kisahani kinaweza kutoka papo hapo au kikachelewa hadi sekunde tatu. Na katika muda wote huo sheria ya Olimpiki inamtaka kitako kiwe chini, kikigusa mwili wake chini ya alama iliyo kwenye fulana yake karibu na kiwiko, mpaka kisahani kionekane.

Kwa hiyo yule wa trapu anajua lini lakini hajui wapi hasa. Yule wa skiti anajua wapi lakini hajui lini. Kila mmoja amepangiwa namna ya kushika bunduki, na wala hakuna anayeomba ruhusa ya kubadili.

Mchezo uliozaliwa porini

Kwa nini skiti ikawa na sharti hilo gumu? Jibu liko katika asili yake. Skiti ilianza mjini Andover, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, karibu mwaka 1920, pale mwindaji aliyeitwa Charles Davis na wenzake walipotaka kujizoeza kuwapiga ndege wa porini wa jamii ya kwale kabla ya msimu. Walichora duara kamili, wakawa wanalizunguka kama mshale wa saa. Baadaye jirani akaanzisha ufugaji wa kuku upande mmoja wa uwanja, na kwa kuwa marisau hayajui kuku wa mtu, duara likakatwa likabaki nusu. Mwaka 1926 gazeti moja la wawindaji lilitangaza zawadi ya dola 100 kwa atakayeupa mchezo huo jina, na zawadi ikaenda kwa Gertrude Hurlbutt, mama mmoja wa jimbo la Montana.

Kwa kuwa nia ilikuwa kujifunza kuwinda, bunduki ilianzia chini, kama inavyoanzia chini mtu anapotembea kichakani. Lakini michezo ina tabia ya kusahau ilikotoka. Huko Marekani kwenyewe sheria ililegezwa baadaye, mlengaji akaruhusiwa kuweka bunduki begani kabla ya kuita, na kisahani kikawa kinatoka bila kuchelewa. Skiti ya kimataifa ndiyo iliyoshikilia desturi ya porini.

Iko pia aina ya tatu, ambayo visahani hurushwa kwa kuigiza wanyama na ndege mbalimbali. Kimoja kinabiringika chini kama sungura, kingine kinapaa juu ya miti, kingine kinamjia mlengaji usoni. Katika sheria za kimataifa za mchezo huo, kitako lazima kiwe chini ya mstari ulio sentimita 25 chini ya bega mpaka kisahani kionekane. Katika sheria za Uingereza, mlengaji anaachiwa achague mwenyewe. Na hapo ndipo swali la yule kijana linapokuwa swali kweli, maana mtu aliyepewa uhuru wa kuchagua hana tena wa kumlaumu akikosa.

Lini uweke mapema

Waswahili wana methali mbili zinazopingana juu ya jambo hili. Moja inasema haraka haraka haina baraka. Nyingine inasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mlengaji anazihitaji zote mbili, ila ajue ipi ni ya wakati gani.

Uwanjani, weka kitako begani mapema pale ambapo kisahani kinakukimbia kwa kasi na kinatokea mahali unapopajua. Hapo mtutu unahitaji kusogea kidogo tu, na kila mwendo wa ziada ni nafasi ya kukosea. Weka mapema pia kama wewe ni mwanafunzi wa siku ya kwanza. Walimu wengi wa mchezo huu humwanzisha mgeni bunduki ikiwa begani tayari, na mimi kama mwalimu naona wana haki. Mtoto hafundishwi kuandika huku anakimbia. Kwanza ajue kitako kinakaa wapi, shavu linalala vipi na jicho linatazama wapi. Mambo ya kuinua yatafuata.

Makosa ya anayeinua vibaya yanajulikana. Kitako kikitua kwenye mkono badala ya bega, jioni ataoga akiona alama ya buluu. Shavu likiinuka kwenye mbao wakati wa kufyatua, jicho nalo linainuka na marisau yanapita juu ya shabaha. Aliyeweka mapema anaepukana na mengi ya hayo.

Lakini kuwahi kuna gharama zake. Ya kwanza ni uzito. Shotigani nyingi zina uzito wa kilo tatu na zaidi, na aliyeikaza begani akisubiri, mikono yake inakakamaa. Kisahani kikikatiza upesi, mikono iliyokakamaa haizunguki kwa ulaini, inasukuma bunduki kwa kushtuka. Gharama ya pili ni macho. Mtutu na mikono huziba sehemu kubwa ya chini ya uwanja, na jicho lililokaa muda mrefu nyuma ya mtutu huanza kuutazama mtutu badala ya shabaha. Ndiyo maana kwa kisahani kinachokatiza mbali, au kinachotokea juu, au kile usichojua kitatokea kushoto au kulia, wazoefu wengi huishusha bunduki. Macho hutangulia, mtutu huanza kumfuata ndege, na kitako hugusa bega mwishoni, wakati wa kufyatua umeshafika.

Iko pia njia ya katikati, nayo ni kitako kuwa chini kidogo tu ya bega, karibu na kwapa, mtutu ukielekea pale jicho litakapomwona ndege. Hii humfaa yule ambaye ameshajua kuinua lakini bado hajiamini.

Siku ya kanga

Sasa nirudi kwenye yale mashamba ya karanga. Wazazi wangu walikimbia Burundi mwaka 1972. Mimi nilizaliwa katika makazi ya wakimbizi ya Katumba, karibu na Mpanda, eneo ambalo wakati huo lilikuwa mkoa wa Rukwa na leo ni mkoa wa Katavi. Huko ndiko nilikosomea, kwa Kiswahili, mpaka tuliporudi nyumbani mwaka 2008.

Jirani na mpaka wa makazi yetu aliishi mzee mmoja Mkonongo, ambaye watoto wote tulimwita Babu. Alikuwa na bunduki ya mitutu miwili aliyoimiliki kwa kibali. Kanga walipozidi kuchakura karanga, Babu alitoka nao asubuhi, na sisi watoto tukamfuata, wengine kuwafukuza vichakani, wengine kubeba. Malipo yetu yalikuwa shingo na maini.

Babu alitembea bunduki ikiwa imelala mkononi, mtutu ukitazama juu. Sikuwahi kumwona ameiweka begani kabla ya kanga kuruka. Ndege wakiinuka, yeye kwanza alitazama. Tulikuwa tukidhani uzee umemfanya mzito, hasa kwa kuwa mara nyingine kanga walimponyoka naye akacheka tu.

Asubuhi moja alikuja na mpwa wake, kijana aliyekuwa ametoka mjini. Alimwomba mjomba wake bunduki, akapewa. Akaiweka begani papo hapo na kuanza kutembea nayo hivyo hivyo, shavu likiwa kwenye mbao, kama askari wa kwenye sinema. Sisi tuliona ndiye mwindaji hasa.

Kanga hawakuruka mbele yake. Waliruka nyuma, upande tuliokuwa sisi. Kijana akageuka pamoja nao, na mtutu ukageuka pamoja naye, ukiwa umelala sawasawa na vichwa vyetu. Mdogo wangu alikuwa na miaka minane, amesimama na kanga mmoja mkononi. Babu alikuwa hatua moja kutoka kwa mpwa wake. Alinyanyua fimbo yake akaupiga mtutu kwa chini, na risasi ikaenda kwenye matawi ya mti. Majani yakatuangukia. Kwa muda hakuna aliyesema neno.

“Mjomba, nipe hiyo bunduki,” Babu akasema taratibu. Akaifungua, akatoa risasi iliyobaki, akaitia mfukoni.

“Sikuwaona, mjomba,” kijana akajitetea. Alikuwa akitetemeka.

“Najua hukuwaona. Bunduki ikikaa begani, macho yanakuwa ya bunduki. Ikiwa chini, macho ni yako.”

Hakumpiga wala kumtukana. Siku hiyo tulirudi mapema, na njiani Babu alimshika mdogo wangu mkono mpaka mlangoni kwetu. Alimweleza mama yangu yote yaliyotokea, bila kuficha lolote, akamwomba radhi. Mama hakutukataza kwenda tena, lakini tangu siku hiyo kila tulipotoka alisimama mlangoni mpaka tupotee machoni.

Porini hakuna anayeita kisahani

Kosa kama hilo si la vijana wala la maskini peke yao. Februari 11, 2006, Makamu wa Rais wa Marekani wa wakati huo, Dick Cheney, alikuwa akiwinda ndege wadogo wa jamii ya kwale huko Texas. Mwenzake, mwanasheria Harry Whittington aliyekuwa na umri wa miaka 78, alikuwa amekwenda kumtafuta ndege aliyeanguka, kisha akarudi kuungana na wenzake. Cheney aligeuka akimfuata ndege aliyeruka, akafyatua, na marisau yakampata Whittington usoni, shingoni na kifuani. Chembe moja ilimletea mshtuko wa moyo akiwa hospitalini. Alipona, akaishi hadi mwaka 2023. Mtu mwenye walinzi kila upande, mwindaji wa miaka mingi, hakumwona rafiki yake aliyekuwa karibu.

Hapo ndipo uwanja wa visahani na pori vinapoachana. Uwanjani, mahali pa kila mtu pamepangwa. Walengaji wako nyuma, mbele hakuna anayepita, na bunduki hubaki wazi na tupu mpaka zamu ifike. Kuiweka begani mapema kunaweza kukupotezea kisahani, basi. Porini hakuna aliyempangia ndege, wala mtoto, wala mbwa. Marisau madogo yanaweza kusafiri zaidi ya mita 200, na karibu na mtutu hayatofautiani na risasi moja nzito.

Kwa hiyo unapotembea kutafuta kanga au kwale, bunduki isikae begani kamwe. Hata mbwa akisimama na kukuonyesha kichaka walichojificha, bado subiri. Umejua wapi, lakini hujui wataruka kuelekea upande gani. Unapowavizia njiwa ukiwa umejificha, subiri pia, kwa kuwa bunduki inayotikisika juu huwafukuza kabla hawajafika. Kule Uingereza, ambako watu hupangwa kwenye vigingi na wafukuzaji huwasukuma ndege kuwajia, mwiko mkubwa ni kuuzungusha mtutu ukapita usawa wa majirani zako. Anayetaka kumfuata ndege aliyepita nyuma ya mstari huinua kwanza mtutu juu angani, hugeuka, ndipo ashushe. Na kufuli ya usalama hufunguliwa bunduki ikiwa njiani kwenda begani, si kabla.

Anayetaka kuizoea nusu sekunde hiyo hahitaji risasi hata moja. Bunduki ithibitishwe mara mbili kuwa tupu, risasi zikae chumba kingine, na mtu asimame mbele ya ukuta ambao nyuma yake hakuna mtu. Atazame mstari ambapo ukuta unakutana na dari, mtutu uufuate taratibu, na kitako kipande mpaka shavu na bega vipate mahali pake kwa pamoja. Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Ikishakuwa tabia, mtu hana tena haja ya kuwahi kwa hofu ya kuchelewa. Wengi wanaoweka mapema porini hufanya hivyo kwa sababu hawaiamini mikono yao.

Jibu la swali

Nilimsimulia yule kijana habari za Babu, na vijana wengine nao wakaacha kutazama televisheni. Nilipomaliza, aliniuliza kama yule mpwa alishika tena bunduki.

Alishika. Msimu uliofuata Babu alimpa bunduki ile ile, na akamweka mdogo wangu atembee kando yake. Kijana alitembea asubuhi nzima mtutu ukitazama juu. Kanga waliruka mara tatu. Mara mbili za kwanza alitazama, akatuona tulipo, akaacha waende. Mara ya tatu waliruka mbele, anga ikiwa tupu nyuma yao. Akainua, akampata mmoja, na mdogo wangu ndiye aliyekwenda kumwokota.

Mdogo wangu huyo leo ana watoto wanne, naye ni fundi seremala kusini mwa Burundi. Hakumbuki sana siku ya fimbo. Anachokikumbuka vizuri ni yale majani yaliyomwangukia, akadhani mvua imeanza.